Mwalimu wa Kiswahili naye hana budi kusoma

Ipo kasumba moja iliyoota mizizi katika shule nyingi hapa nchini. Kasumba hiyo husema kwamba mwalimu wa fizikia, wa hisabati au wa Kiingereza hana budi kujisomea kila mwaka ili taaluma yake isimwache nyuma, lakini mwalimu wa Kiswahili ameruhusiwa kukaa kitako. Yeye, ati, anafundisha lugha anayoizungumza toka alfajiri hadi usiku. Atasoma nini tena? Kasumba hiyo haikuletwa na mgeni yeyote. Imezaliwa humu humu nchini, inalelewa katika vyumba vya walimu, inalindwa na baadhi ya wakuu wa shule, na inavumiliwa na maofisa wanaolipwa ili wasiivumilie. Wakati umefika wa kuing'oa.

Kusema lugha na kuijua lugha ni mambo mawili mbalimbali. Kila mtu ana moyo unaopiga kifuani mwake, lakini si kila mtu ni tabibu wa moyo. Muuza samaki wa Feri anasema Kiswahili kitamu kuliko walimu wengi wenye shahada, wala hakuna aliyewahi kufikiri kumwajiri afundishe sarufi kidato cha tatu. Mwalimu halipwi mshahara wa umma kwa sababu anasema Kiswahili. Analipwa kwa sababu anatarajiwa kuweza kumweleza mtoto jinsi lugha hiyo ilivyojengwa, jinsi inavyobadilika, na jinsi ya kuitumia kueleza fikra ngumu kwa maneno yaliyo wazi. Asipoweza kufanya hivyo, basi hana tofauti na mpita njia aliyeokota chaki.

DAFTARI

Chukua mfano wa mwalimu aliyemaliza chuo mwaka 1995. Alitoka chuoni na daftari zuri, lenye maelezo aliyoyanakili kutoka kwa mkufunzi wake. Daftari hilo alilivika jalada la gazeti, akaingia nalo darasani, na hadi leo anaingia nalo darasani. Kurasa zimegeuka rangi ya udongo. Wanafunzi wa kwanza waliosomeshwa kwa daftari hilo sasa wana watoto, na watoto hao nao wanasomeshwa kwa daftari lile lile.

Je, katika muda huo taaluma ya Kiswahili ilisimama kumngoja? La hasha. Mwaka 1999 wataalamu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili walitoa kitabu cha sarufi miundo kwa ajili ya shule za sekondari na vyuo, na mwaka 2004 kikafuata cha fonolojia. Mwaka huo wa 2004 ilitoka pia Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la pili. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari uligeuzwa ili umjenge mwanafunzi katika umahiri badala ya kukariri. Mwaka 2009 Taasisi yenyewe iliunganishwa na vyombo vingine vya Kiswahili vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mwaka 2013 kamusi ile ikapata toleo la tatu. Mwaka 2015 Baraza la Kiswahili la Taifa likatoa Kamusi Kuu ya Kiswahili. Na Januari 2024 mitaala iliyoboreshwa ilianza kutumika kwa awamu. Mambo yote hayo yamepita juu ya kichwa cha mwenye daftari kama ndege za mawinguni: anasikia mngurumo, lakini hajui nani amesafiri.

Gharama ya uvivu huo hailipwi na mwalimu. Hulipwa na mtoto. Tazama somo la ngeli. Mwenye daftari anaandika ubaoni orodha ya viambishi: M-WA, M-MI, KI-VI, na kuendelea, kisha anatamka kwamba neno likianza na "ki" katika umoja na "vi" katika wingi, hilo ni la ngeli ya KI-VI. Mtoto mmoja mwenye akili ananyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, mbona husemwa kiongozi amefika, wala haisemwi kiongozi kimefika? Na kifaru je, mbona husemwa amekufa?"

Hilo ni swali la mtafiti. Jibu lake lipo, na limekuwepo vitabuni kwa miaka mingi: kwamba nomino zinaweza kupangwa kwa kutazama umbo lake, au zikapangwa kwa kutazama upatanisho wake katika sentensi, kwamba mipango hiyo miwili haitoi matokeo yale yale, na kwamba viumbe wenye uhai huvuta upatanisho wa A-WA hata umbo la jina likiwa jingine. Mwalimu anayesoma angelifurahia swali hilo, akalifanya somo la juma zima. Mwenye daftari anajibu, "Kaa chini, usivuruge darasa." Mtoto anakaa chini. Pengine hatanyosha mkono tena mpaka amalize shule. Siku ya mtihani wa taifa anakuta swali linalotaka ngeli kwa kigezo cha upatanisho, na hapo ndipo anapotambua kwamba amefundishwa nusu ya jambo.

Ni hivyo hivyo katika somo la sauti. Wapo walimu wanaofundisha hadi leo kwamba herufi na sauti ni kitu kimoja. Neno "shule" lina herufi tano, lakini sauti zake ni nne tu, kwa kuwa "sh" ni sauti moja iliyoandikwa kwa herufi mbili. Jambo dogo? Asiyelijua hataweza kumsaidia mtoto wa darasa la kwanza anayehangaika kusoma "chai" kwa kutamka "c" peke yake na "h" peke yake. Ujinga wa mwalimu katika fonolojia hugeuka kuwa kigugumizi cha mtoto katika kusoma.

Katika fasihi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu huko uvivu hujivika kanzu ya msimamo. Mashairi huru yalizua ubishi mkali nchini katika miaka ya 1970. Euphrase Kezilahabi alitoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walitoa Malenga wa Bara mwaka 1976. Wapo waliosema kuwa pasipo vina na mizani hakuna shairi. Wapo waliosema kuwa roho ya shairi haimo katika kuhesabu silabi. Mwalimu ana haki kamili ya kusimama upande wowote. Asichokuwa na haki nacho ni kutokujua kwamba kulikuwa na pande mbili. Nusu karne imepita toka diwani hizo zichapishwe, na bado yuko mwalimu anayewaambia vijana kwamba shairi lisilo na vina ni makosa ya mwandishi. Huyo hatetei jadi. Hata watetezi wa jadi wenye hadhi waliisoma Kichomi kabla ya kuipinga.

KAMUSI

Lugha hai haikai mahali pamoja. Neno "barakoa" lilikuwamo katika kamusi za zamani likimaanisha kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa Pwani. Mwaka 2020 maradhi yalipoenea duniani, neno hilo la bibi zetu lilifufuka, likapewa kazi ya hospitalini, na leo hata mtoto wa chekechea analijua. "Bunge" na "ikulu" nayo yalichukuliwa kutoka lugha nyingine za Kibantu za nchi hii, yakapewa kazi za Taifa huru. Mwalimu anayejua mambo hayo anaweza kumwonesha mwanafunzi kwamba Kiswahili kina uwezo wa kujizalia maneno kwa mali yake chenyewe. Asiyejua atawafundisha watoto, bila hata kutaka, kwamba jambo lolote jipya lazima liitwe kwa Kiingereza.

Lakini isidhaniwe kuwa kwenda na wakati ni kumeza kila kinachoitwa kipya. Wapo pia walimu wa aina ya pili, wanaookota kila neno lililosikika redioni na kuliingiza darasani bila kulipima. Kusoma ni kupima. Mwanafunzi akiuliza kama ni sahihi kusema "kompyuta" au "tarakilishi", mwalimu asibahatishe wala asitoe amri. Aeleze neno gani limetoholewa na lipi limeundwa, nani hulitumia na wapi, na kwa nini jamii huchagua moja na kuliacha jingine. Ili aweze kufanya hivyo, hapana budi awe na kamusi zaidi ya moja mezani, na azifungue.

Mezani kuna nini hivi sasa? Zipo shule ambazo kamusi yake pekee ya Kiswahili ni ile ya mwaka 1981, jalada limeng'oka na herufi A yote imepotea. Kitabu hicho kilikuwa fahari ya Taifa kilipotoka, na heshima yake haitafutika. Hata hivyo kuitumia peke yake leo ni sawa na dereva kusafiri kwa ramani iliyochorwa kabla ya barabara kujengwa.

VISINGIZIO

Watakuwapo watakaosema kwamba lawama hizi zinamwonea mwalimu. Darasa lina wanafunzi sabini au zaidi. Insha moja tu ikitolewa, mwalimu anabeba mzigo wa madaftari sabini kwenda nayo nyumbani. Mshahara unakwisha kabla ya tarehe ishirini. Atanunua kitabu kwa fedha ipi, na atakisoma saa ngapi?

Hoja hiyo ina ukweli, na anayeipuuza hajawahi kusahihisha insha sabini. Lakini ukweli huo usigeuzwe blanketi la kulalia. Historia ya nchi hii ina jibu. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, Taifa liliamua kuwapa watoto wote elimu ya msingi kwa haraka, na walimu hawakuwapo wa kutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakawekwa kufundisha huku wao wenyewe wakisoma: masomo ya posta, vipindi vya redio, na wasimamizi waliowatembelea. Waliohitimu kwa njia hiyo walizidi 30,000. Wengi wao walisoma kwa mwanga wa kibatari baada ya kutwa nzima ya kufundisha na kulima shamba la shule. Watu wa mjini waliwacheka, wakasema UPE maana yake ni "Ualimu Pasipo Elimu". Mapungufu ya mpango ule yalikuwepo na yamekwisha kusemwa sana. Lakini mwalimu yule wa kibatari alikuwa anasoma. Leo yuko mwenye shahada, mwenye umeme nyumbani, ambaye hajafungua kitabu cha taaluma yake toka siku ya mahafali. Kati ya hao wawili, ni nani anayestahili zaidi jina lile la dhihaka?

Upo mfano mwingine, wa mtu aliyekuwa na kazi nyingi kuliko mwalimu mkuu yeyote. Mwaka 1963, akiwa Rais, Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare iitwayo Julius Caesar. Angeweza kuiacha kama ilivyo. Nani angemkosoa Rais? Badala yake aliirudia, akaisahihisha, na mwaka 1969 ikatoka upya, hata jina likiwa limegeuka na kuwa Juliasi Kaizari. Kwa miaka sita, akiwa na nchi nzima mabegani, alikuwa bado anajifunza lugha aliyoizungumza kila siku. Mwalimu wa sekondari anayesema amekwisha kukijua Kiswahili ajilinganishe na mfano huo, kisha aseme tena.

Tena, kisingizio cha kukosa vitabu kinazidi kupungua nguvu. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika katika kazi ile vilielekezwa kwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Makala za majarida ya Kiswahili na Mulika, ambazo zamani zilipatikana Mlimani tu, sasa husomwa pia kwa njia ya intaneti. Kishikwambi kinachotumika kutazama mpira na kusambaza vichekesho kina uwezo wa kubeba maktaba nzima. Kilichokosekana hapo si chombo.

POSHO

Hata hivyo itakuwa dhuluma kumpiga bakora mwalimu peke yake na kumwacha bwana mkubwa aliyeketi ofisini. Lawama kubwa iko juu. Kwa miaka mingi mafunzo kazini yamechukuliwa kuwa ni safari na posho. Semina ya siku mbili huendeshwa hivi: siku ya kwanza ni ya kufungua, siku ya pili ni ya kufunga. Katikati kuna chai. Anayeteuliwa kwenda ni yule yule kila mara, naye mara nyingi si mwalimu wa somo lenyewe, bali ni mtu wa karibu wa mwenye kalamu. Akirudi shuleni hana taarifa ya kutoa, isipokuwa begi lenye maandishi.

Serikali imeweka utaratibu mpya unaoitwa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, ambao unawataka walimu wakutane shuleni mwao wenyewe, katika jumuiya za ujifunzaji, wajadili masomo yao. Utaratibu huo ni mzuri kwa sababu hauhitaji basi wala hoteli. Ndiyo sababu baadhi ya watu hawaupendi. Zipo shule ambako vikao hivyo hufanyika kwa bidii na matunda yanaonekana. Zipo nyingine ambako hufanyika ndani ya faili tu: mihtasari imeandikwa, sahihi zimewekwa, tarehe ni sahihi, na kikao hakikuwapo. Ofisa anayepokea faili la namna hiyo na kulipitisha huku anajua, anashiriki katika kuwaibia watoto.

Maofisa wengine wakumbuke kwamba jambo hili linawahusu wao wenyewe. Barua za serikali zisizoeleweka, matangazo yenye sentensi zisizo na kiima, hotuba zinazochanganya Kiswahili na Kiingereza katika pumzi moja: hayo yote ni matunda ya darasa fulani la Kiswahili la miaka ishirini iliyopita. Mkulima aliyepokea tangazo asilolielewa akakosa haki yake ya ardhi ndiye anayelipa deni la mwalimu aliyeacha kusoma.

Nao wataalamu wa vyuo vikuu hawawezi kunawa mikono. Wengi wao huandika kwa ajili ya kupandishwa cheo, na kwa lugha ambayo ni wao kwa wao tu wanaoielewa. Istilahi moja inapewa majina matatu na wataalamu watatu, kila mmoja akilinda lake kama shamba la urithi. Mwalimu wa kijijini akipata makala hiyo anasoma ukurasa mmoja na kuifunga. Utafiti usiomfikia mwalimu ni mbegu iliyofungiwa ghalani.

MASHINDANO

Yote haya yangekuwa mambo ya nyumbani kama Kiswahili kingekuwa bado kimekaa nyumbani. Hakijakaa. Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika ilikifanya lugha yake rasmi ya nne. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikikubali kuwa lugha yake ya kazi. Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi na kuagiza kifundishwe shuleni. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba shule zake zingeweza kukifundisha kama somo la hiari.

Nchi hizo zinahitaji walimu. Je, zitawatafuta wapi? Wengi nchini hujibu kwa majivuno: kwa wenye lugha yao. Majivuno hayo ni ya hatari. Nchi inayomtafuta mwalimu haiulizi alizaliwa wapi. Inauliza anaweza nini. Kumfundisha Kiswahili mtu asiyekijua kabisa ni kazi yenye mbinu zake, na Baraza la Kiswahili la Taifa huendesha mafunzo ya kazi hiyo. Mwalimu wa Kitanzania asiyejisumbua kuyatafuta atakuta nafasi imekwisha kuchukuliwa na Mkenya aliyesoma au na Mjerumani aliyesoma, naye atabaki kulalamika kijiweni kwamba lugha yake imeporwa. Haikuporwa. Aliiacha mlangoni ikaokotwa.

Kinachotakiwa hakihitaji fedha za kutisha. Kila idara ya Kiswahili ikutane saa moja kwa juma, kikao cha kweli, mwalimu mmoja akieleza alichosoma na wenzake wakimhoji. Kila mkuu wa shule ahakikishe kuwa kabla ya kununua kiti kipya cha ofisi yake, shule ina Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya toleo la karibuni na Kamusi Kuu. Mthibiti ubora anapofika, asitosheke na azimio la kazi na andalio la somo. Amuulize mwalimu mwaka huu amesoma kitabu gani, na kimembadilisha nini darasani. Baraza lipeleke orodha za istilahi mpya mpaka shule ya kata, wala lisingoje zifuatwe Dar es Salaam au Dodoma. Wataalamu waandike, japo mara moja kwa mwaka, makala ambayo mwalimu wa Kakonko au Nachingwea ataisoma hadi mwisho. Na mwalimu mwenyewe, hata akiwa na dhiki, anunue kitabu kimoja kwa mwaka kwa fedha yake, ili ajue kwamba taaluma ni mali yake na si ya mwajiri.

Wahenga walisema mganga hajigangi. Methali hiyo inaweza kuwa udhuru kwa mganga, lakini haiwezi kuwa udhuru kwa mwalimu, kwa kuwa kazi ya mwalimu ni kuonesha kwa mfano wake jinsi mtu anavyojifunza. Mtoto aliyeambiwa akae chini kwa sababu aliuliza juu ya kiongozi na kifaru bado yuko darasani. Bado ana swali lake. Kiswahili kimefika Addis Ababa na Paris. Itakuwa aibu kubwa kikikosa mtu wa kukieleza katika darasa la Tanzania.